Kutafiti sheria za haki za ardhi za watu wa asili: kutoka swali hadi aya ya hukumu

Muulize mtu kesi ya Waendorois, jamii ya Kenya iliyoondolewa kwenye ardhi yake, ilisema nini, atakujibu papo hapo: «Walishinda.» Muulize walishinda nini, mbele ya nani na katika aya ya ngapi, utamwona anaanza kutafuta maneno. Nimesoma ripoti nyingi zinazorudia sentensi moja kuhusu kesi hiyo, kila moja ikiinukuu ripoti iliyoitangulia, na hakuna dalili kwamba kuna aliyefungua uamuzi wenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu asiye mwanasheria anayetaka kufika kwenye karatasi yenyewe: msaidizi wa kisheria, mwanafunzi, mwanahabari, au mzee aliyekabidhiwa faili na kamati ya jamii yake. Karibu kila hati nitakayoitaja inasomeka mtandaoni bila malipo. Utakachotumia ni muda, na mwingi.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

«Haki za ardhi za watu wa asili» si swali, ni bahari. Ukiingia nayo kwenye mtambo wa kutafuta utatoka na kurasa elfu na usingizi. Mashauri mengi huzunguka mambo matatu: nani ana ardhi hii, nani alipaswa kuulizwa kabla ya mradi kuanza, na aliyepoteza alipwe au arudishiwe nini. Chagua moja, kisha libane. Katika mwongozo huu nitatumia swali hili: «Je, jamii iliyoondolewa bila hiari, na ambayo haijawahi kuwa na hati, bado ina haki ya kumiliki ardhi yake?»

Sentensi hiyo ibandike juu ya meza. Kila unapofungua hati mpya, iulize inajibu swali hilo au inapita pembeni.

Hatua ya 2: Kusanya majina, kwa maana kila nchi ina lake

Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua wamekwama. Jambo moja lina majina kumi, na ukitafuta kwa jina moja utadhani nchi nyingine hazina sheria. Australia husema «native title». Kanada husema «Aboriginal title», na msingi wake wa kikatiba ni kifungu cha 35 cha sheria ya katiba ya 1982. Ufilipino ina «ancestral domain», neno lililomo katika sheria yake ya 1997. Brazil ni «terras indígenas», ibara ya 231 ya katiba ya 1988. Indonesia tafuta «tanah adat» na «hutan adat». India sheria huzungumzia «Scheduled Tribes», huku watu wenyewe wengi wakijiita Adivasi. Kenya katiba ya 2010, ibara ya 63, inasema ardhi ya jamii, na sheria yake ni ya 2016.

Katika Kiswahili chenyewe kuna watu wa asili, jamii asilia, wazawa, wenyeji. Serikali kadhaa za Afrika zimekuwa zikilikwepa neno hilo kwa hoja kwamba Waafrika wote ni wa asili, kwa hiyo hati muhimu inaweza kuwa imeandikwa «wafugaji», «wawindaji na wakusanyaji» au «makundi yaliyotengwa». Tengeneza orodha ya majina kabla ya kutafuta, na uiongeze kila unapokutana na jina jipya. Jina la jamii nalo lina tahajia kadhaa. Zijaribu zote, hata zile za kikoloni zinazoudhi, kwa sababu hati za zamani hazikuandikwa kwa kumfurahisha mtu.

Hatua ya 3: Pima uzito wa kila karatasi

Mkataba, tamko, hukumu, pendekezo na ripoti havina uzito mmoja, na kuvichanganya ni kumpa wakili wa upande wa pili zawadi.

Mkataba Na. 169 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1989, unaibana nchi iliyouridhia. Ibara ya 14 inazitaka nchi zitambue umiliki wa watu juu ya ardhi wanayoikalia kijadi. Shida ni kwamba walioridhia hawafiki 30, wengi wao wakiwa Amerika ya Kusini na ya Kati. Afrika, Jamhuri ya Afrika ya Kati iliuridhia 2010. Kwa hiyo kabla ya kuunukuu, fungua NORMLEX, hazina ya viwango vya shirika hilo, uone kama nchi unayoishughulikia imo. Kama imo, soma pia maoni ya Kamati ya Wataalamu kuhusu nchi hiyo. Huko ndiko serikali huulizwa maswali ya wazi mwaka baada ya mwaka, na majibu yao mara nyingine hukiri mengi kuliko walivyokusudia.

Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili lilipitishwa Septemba 13, 2007 kwa kura 144 za ndiyo, 4 za hapana, na nchi 11 zikijizuia. Waliosema hapana ni Australia, Kanada, New Zealand na Marekani, ambao wote walibadili msimamo baadaye. Tanzania ilisema ndiyo, Kenya ilijizuia. Ibara za 10, 26, 28 na 32 ndizo za ardhi, na kwa swali letu 26 na 28 ndizo uti wa mgongo. Tamko si mkataba, lakini usilitupe. Oktoba 2007, mwezi mmoja tu baada ya kupitishwa, Jaji Mkuu wa Belize Abdulai Conteh alilitumia katika hukumu iliyotambua haki za ardhi za vijiji vya Wamaya. Andika tu kwa uangalifu: «mahakama ilizingatia Tamko», si «Tamko linailazimisha serikali».

Hatua ya 4: Ifikie hukumu, kisha uisome ipasavyo

Tovuti za kuanzia ni zile za taasisi za habari za kisheria zinazotoa hukumu bure: AustLII ya Australia, CanLII ya Kanada, NZLII ya New Zealand, SAFLII ya kusini mwa Afrika, Kenya Law, TanzLII, na AfricanLII inayounganisha bara. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, Tume ya Afrika iliyoko Banjul, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliyoko San José zina kurasa zao za maamuzi.

Jifunze kusoma namba. [1992] HCA 23 ni hukumu ya 23 ya Mahakama Kuu ya Australia mwaka 1992, yaani Mabo dhidi ya Queensland (Na. 2), ya Juni 3, iliyozika dhana kwamba Australia ilikuwa nchi isiyo na mwenyewe. Angalia hiyo «Na. 2». Na. 1 ni ya 1988, na ilihusu sheria ya Queensland iliyotaka kuzima madai kabla hayajasikilizwa. Ukiandika «kesi ya Mabo» bila namba hujasema ni ipi.

Mashauri ya Afrika yana mtego mwingine. Shauri la Waendorois ni 276/2003, lakini 2003 ni mwaka lilipofikishwa kwa Tume. Uamuzi ulitangazwa Februari 2010. La Waogiek, jamii ya msitu wa Mau nchini Kenya, ni 006/2012, na hukumu yake ni ya Mei 26, 2017. Zaidi ya hapo, jina Ogiek halimo kabisa kwenye kichwa cha shauri, kwa sababu aliyelifikisha mahakamani ni Tume ya Afrika. Tafuta «Tume dhidi ya Kenya» kwa lugha ya mahakama utalipata. Tafuta «Ogiek» peke yake, utakusanya makala za magazeti kwanza.

Ukishaipakua, usianze ukurasa wa kwanza. Anza mwisho, kwenye amri, ujue nani aliamriwa afanye nini. Rudi kwenye maelezo ya tukio. Kisha nenda kwenye uchambuzi wa mahakama yenyewe. Sehemu kubwa ya hukumu ni hoja za pande mbili, na aya hizo huanza na maneno kama «mlalamikaji anadai» au «serikali inapinga». Mimi mwenyewe niliwahi kuumbuka: nilinukuu aya tamu kweli mbele ya kikao, kumbe ilikuwa dai la wakili, na Tume ilikuwa bado haijasema lolote. Aliyenisahihisha alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, tena kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma zaidi.

Sasa tulipeleke swali letu kwenye uamuzi wa Waendorois. Hawa ni watu wa eneo la Ziwa Bogoria walioondolewa miaka ya 1970 kupisha hifadhi ya wanyama. Fungua aya ya 209. Tume inatoa mambo manne pale: kwamba kuishi na kutumia ardhi kijadi kuna nguvu sawa na hati iliyotolewa na serikali, kwamba kunaipa jamii haki ya kudai itambuliwe na kusajiliwa, kwamba walioondoka bila hiari wanabaki na haki yao ya mali hata bila hati, isipokuwa ardhi imehamishwa kihalali kwa mtu mwingine mwenye nia njema, na kwamba hata hapo wana haki ya kurudishiwa, au kupewa nyingine yenye ukubwa na ubora ule ule. Swali letu limejibiwa, na tunaweza kuonyesha kidole mahali lilipojibiwa.

Lakini usiishie hapo. Angalia Tume imeyatoa wapi hayo. Tanbihi zinakupeleka Paraguay, kwenye hukumu ya 2006 ya jamii ya Sawhoyamaxa iliyotolewa San José, na hukumu hizo za San José zinakurudisha kwenye ile ya Awas Tingni dhidi ya Nicaragua ya Agosti 31, 2001. Kufuata tanbihi hivi ndio utafiti wenyewe. Hukumu husafiri kuliko tunavyodhani: majaji wa Mabo walinukuu uamuzi wa 1921 wa Baraza la Mfalme mjini London kuhusu ardhi ya Lagos, Amodu Tijani. Mabo, mtu wa Mer, kisiwa kidogo cha Mlango wa Torres, alisaidiwa na chifu wa Lagos ambaye hawakujuana hata kwa jina.

Tena soma kilichokataliwa. Waogiek walishinda kwenye ibara nyingi za Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, zikiwemo za mali, dini, utamaduni na maliasili, ila mahakama haikuona kwamba ibara ya 4, ya haki ya kuishi, ilikuwa imevunjwa. Anayeandaa shauri jipya ana faida kubwa katika kujua ni hoja gani haikupita na kwa nini. Kwa sababu hiyo hiyo soma Yorta Yorta ya 2002 ya Australia, ambako jamii ilishindwa kwa hoja kwamba desturi zake zilikuwa zimekatika. Inauma kuisoma, lakini ndiyo inayokuonyesha ushahidi wa mwendelezo unapaswa kuwa mzito kiasi gani nchini humo.

Hatua ya 5: Uliza kilichofuata

Hukumu isiyofuatiliwa ni nusu ya habari. Kuna rufaa, kuna sheria mpya, na kuna utekelezaji, na yote matatu yanaweza kuigeuza ile uliyosoma jana.

Rufaa: mwaka 2017 vijiji vya Loliondo, kikiwemo Ololosokwan, vilifungua shauri dhidi ya Tanzania katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Septemba 2022 daraja la kwanza lililitupa. Aliyesoma habari za siku hiyo akafunga daftari hana habari kwamba Novemba 2023 daraja la rufaa lilitengua uamuzi ule na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Kabla ya kuandika «mahakama iliamua», tafuta kwanza kama kuna mahakama ya juu yake iliyosema neno.

Sheria mpya: Mabo ya 1992 ilizaa sheria ya 1993 ya «native title» nchini Australia. Hukumu ya Wik ya 1996 ikaamua kwamba ukodishaji wa malisho si lazima ufute haki za wenyeji, na 1998 bunge likaibana tena sheria. Anayenukuu sheria ya 1993 bila marekebisho ya 1998 ananukuu kitu ambacho hakipo tena kwa sura ile.

Utekelezaji ndio mrefu kuliko yote. Sawhoyamaxa walipata hukumu 2006, na sheria ya kutaifisha ardhi ile wapewe wenyewe ilipitishwa 2014. Kwa Waogiek, hukumu ya 2017 haikupanga fidia. Ile ya Juni 23, 2022 ndiyo iliyoamuru shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine, pamoja na ardhi yao kupimwa, kuwekewa mipaka na kupewa hati ya pamoja. Kuamuriwa ni kitu kimoja na kulipwa ni kingine. Ripoti za utekelezaji, ambazo hazina mvuto wa habari, ndizo zinazokueleza lipi limefanyika.

Hatua ya 6: Machapisho ya utafiti, yatumie kama ramani

Machapisho mazuri yanakuokoa miezi. Umoja wa Mataifa una Ripota Maalumu wa haki za watu wa asili tangu 2001, na chombo cha wataalamu wa haki hizo (EMRIP) kinachotoa tafiti. Hati zao zina alama zinazosomeka: A/HRC/45/38 maana yake ni hati ya Baraza Kuu (A), iliyotolewa kwa Baraza la Haki za Binadamu (HRC), kikao cha 45, namba 38. Hiyo ni tafiti ya 2020 kuhusu haki ya ardhi chini ya Tamko, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko makala nyingi zinazouzwa. Kuhusu ridhaa huru, ya awali na yenye taarifa kamili, tafuta A/HRC/39/62 ya 2018. Ukishakuwa na alama, iandike ilivyo kwenye hazina ya nyaraka ya Umoja wa Mataifa, na hati inakuja yenyewe.

IWGIA, shirika la kimataifa la kutetea watu wa asili lililoanzishwa 1968, hutoa kitabu cha mwaka chenye sura za nchi moja moja. Ni kizuri kujua mwaka ule kulitokea nini na wapi. AIATSIS, taasisi ya Australia ya utafiti kuhusu wenyeji wake, ina kitengo cha utafiti wa haki za ardhi tangu 1993, na machapisho yake ni hazina kwa anayetaka kuona mjadala wa kitaalamu ulivyokua. Kwa makala za vyuo, kabla ya kulipa popote jaribu DOAJ na CORE, hazina za makala za bure mtandaoni, au mwandikie mwandishi barua pepe fupi. Wengi hutuma bila maswali.

Ila kila chapisho lihojiwe: limeandikwa lini, nani alilipia, na je, linataja aya ya hukumu au jina la kesi tu? Kuna somo la karibuni. Kwa miaka mingi ilisemwa kila mahali kwamba asilimia 80 ya bioanuwai ya dunia iko katika maeneo ya watu wa asili. Mwaka 2024 watafiti, wakiwemo wa asili wenyewe, waliandika katika jarida la Nature kwamba wamelifuatilia dai hilo na hawakukuta msingi wake. Lilikuwa limezunguka kutoka ripoti hadi ripoti. Takwimu ya namna hiyo ukiiweka kwenye hoja nzuri, ndiyo itakayochomolewa kwanza.

Kuhusu ramani: LandMark, iliyozinduliwa 2015, inaonyesha ardhi za jamii duniani kote. Ni msaada, lakini sehemu tupu kwenye ramani ina maana kwamba data haijafika, haina maana kwamba ardhi haina watu. Hoja ya «ardhi tupu» tumeshaiona ilivyotumika.

Hatua ya 7: Masimulizi na lugha ya asili ya hati

Katika shauri la Delgamuukw, Wagitxsan na Wawet'suwet'en wa British Columbia walileta mahakamani adaawk na kungax zao, masimulizi na nyimbo zinazobeba historia ya kila nyumba na ardhi yake. Jaji wa kwanza, 1991, hakuyapa uzito. Mahakama ya Juu ya Kanada, 1997, ilisema masimulizi ya mdomo yapewe nafasi sawa na nyaraka za kihistoria. Hapo wengi hukosea: mahakama hiyo haikuwapa ardhi, iliagiza kesi isikilizwe upya. Wa kwanza kutangaziwa umiliki huo nchini Kanada ni Watsilhqot'in, 2014, kwa eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,700. Kwa hiyo ukitaka kutetea ushahidi wa wazee nukuu Delgamuukw. Ukitaka mfano wa umiliki uliotangazwa nukuu hukumu hiyo ya Watsilhqot'in, 2014 SCC 44.

Na kama hati ina lugha mbili, zisome zote. Mkataba wa Waitangi wa 1840, kati ya dola ya Uingereza na machifu wa Kimaori wa New Zealand, kwa Kiingereza unasema machifu walitoa mamlaka yote ya dola. Kwa Kimaori walitoa «kawanatanga», utawala, na kubakiwa na «tino rangatiratanga», uchifu wao kamili. Baraza la Waitangi, linalosikiliza madai yanayotokana na mkataba huo, katika ripoti yake ya 2014 ya shauri Wai 1040, lilisema machifu waliotia saini Februari 1840 hawakuachia mamlaka yao kuu. Maneno mawili yasiyolingana yamezaa zaidi ya karne na nusu ya mabishano.

Ukikusanya masimulizi mwenyewe, omba ruhusa ya jamii, si ya msimuliaji peke yake, na ukubaliane nao nini kitaandikwa na nini kitabaki kwao. Mahali pa matambiko pasiwekwe mtandaoni kwa vipimo vya ramani kwa kisingizio cha ushahidi. Wapo wanaosoma ramani hizo kwa nia nyingine.

Hatua ya 8: Daftari

Kila hati ipe mistari mitano: jina kamili kama lilivyo katika lugha yake, namba na tarehe, uzito wake, aya inayojibu swali, na kilichofuata pamoja na siku uliyohakikisha. Hifadhi nakala kwenye kompyuta yako, kwa sababu viungo hufa. Mstari wa swali letu unasomeka hivi: «Centre for Minority Rights Development (Kenya) and Minority Rights Group (on behalf of Endorois Welfare Council) v Kenya, Tume ya Afrika, 276/2003, ulitangazwa Februari 2010. Uamuzi wa Tume, ni mapendekezo. Aya 209: walioondolewa bila hiari wanabaki na haki bila hati, isipokuwa kwa mnunuzi mwenye nia njema. Imetoka Sawhoyamaxa 2006, nimeisoma. Utekelezaji: bado naangalia, nirudi kwenye ripoti za Tume za kikao kijacho.»